Sabinyo: Mlima Unaomfunza Askari Kugeuka Nyuma

Askari hufunzwa kusonga mbele. Tangu siku anapoingia kambini akiwa kuruta hadi siku anapostaafu, neno hilo halimtoki masikioni. Makala haya yanaeleza habari za siku moja ambayo mwandishi, akiwa na wenzake watatu, wawili wa jeshi na mmoja wa polisi, alifunzwa neno la pili lililo zito kuliko lile la kwanza. Mwalimu alikuwa mlima.

Mlima huo ni Sabinyo, ulioko wilayani Kisoro, katika pembe ya kusini-magharibi ya Uganda. Ni mmoja wa milima minane mikubwa ya volkano iitwayo Virunga, iliyojipanga katika ardhi ya Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndani ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Uganda imepata sehemu ya mitatu tu: Muhabura wenye kimo cha mita 4,127, Sabinyo wenye mita 3,669, na Gahinga wenye mita 3,474. Upande wa Kongo, Nyiragongo na Nyamuragira ingali hai. Nyiragongo ilitapika moto mwaka 2002, na tena mwaka 2021, ikauletea maafa mji wa Goma. Mitatu ya kwetu imelala. Lakini msomaji asidhani kwamba mlima uliolala hauna silaha.

MAJINA YENYE MAANA

Wenyeji wa Bufumbira hawakuipa milima yao majina ya kubahatisha. Muhabura ni yule amwelekezaye njia aliyepotea, kwa maana kilele chake huonekana kutoka mbali na msafiri hujipima kwacho. Gahinga ni chungu ya mawe, kama zile ambazo mkulima wa huko huzirundika shambani mwake apate nafasi ya kupanda viazi na maharage. Sabinyo ni mzee mwenye meno makubwa. Autazamaye kutoka mjini Kisoro asubuhi ya mbingu safi haulizi sababu. Wataalamu huuhesabu kuwa mkongwe kuliko ndugu zake. Mvua na upepo wa miaka isiyohesabika vimemmomonyoa yule mzee, nyama ya ufizi ikaisha, yakabaki magego yaliyochongoka.

Juu ya vilele hivyo umepita mpaka. Mwaka 1910 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikutana mjini Brussels na kugawana nchi ambayo haikuwa yao. Mstari wao ulipita juu ya Sabinyo. Hivyo kilele cha tatu cha mlima huo ndicho mahali ambapo nchi tatu hukutana: Uganda, Rwanda na Kongo. Mtu asimamapo hapo aweza kuzizunguka zote tatu kwa hatua chache, bila kuonyesha hati ya kusafiria.

Nakiri mbele ya msomaji kwamba hicho ndicho kilichonivuta. Kazi yangu ni uhusiano wa jeshi na wananchi, na katika kazi hiyo picha moja huzidi hotuba kumi. Nilikuwa na kamera shingoni na picha tayari kichwani: askari wa Uganda na polisi wa Uganda juu ya kilele cha nchi tatu, wakitabasamu. Hata maneno ya kuandika chini yake nilikuwa nimekwisha kuyatunga.

SAFARI YAANZA

Tulifika Kisoro usiku wa kuamkia siku hiyo, baada ya kutwa nzima ndani ya basi kutoka Kampala. Ulikuwa mwezi wa Julai, ambao ni wa kiangazi huko. Watu wanne tulikuwa: mimi, sajini mmoja aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache, konstebo wa polisi, binti wa Kigezi aliyezoea vilima tangu utotoni, na askari kijana, mzaliwa wa nchi tambarare za Teso, bingwa wa mbio katika kikosi chake. Tuliposhauriana nani atangulie na nani afuate, sote tulimhurumia sajini kwa umri wake. Hakuna aliyemfikiria kijana.

Saa moja asubuhi tulikuwa katika mlango wa Ntebeko, ulio umbali wa kilomita 14 hivi kutoka mjini. Hapo ndipo uingiapo Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Ni ndogo, haifiki kilomita za mraba 34, lakini ndani yake wamo sokwe wa milimani, nyati, tembo wa msituni, na kima wa dhahabu ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa katika eneo hili. Msitu huu ulikuwa pia makao ya Batwa, waliolazimika kutoka hifadhi ilipoanzishwa. Baadhi yao leo hurudi humo kwa kazi ya kuwaonyesha wageni jinsi wazee wao walivyoishi kwa uwindaji, asali na dawa za miti.

Askari wa hifadhi aliyepewa kutuongoza alikuwa na bunduki moja, kwa ajili ya kuwatisha nyati na tembo. Alituandika daftarini, akakagua buti zetu na maji yetu, kisha akatoa amri zake kwa upole: tutakwenda kwa mwendo wa mtu wa mwisho, hakuna atakayejitenga, na saa nane mchana, popote tutakapokuwa, tutageuka. Jua la Kisoro huzama yapata saa moja jioni, naye hakutaka mtu yeyote awe juu ya ngazi wakati wa giza. Sote tuliitika. Nakumbuka kwamba niliitika kwa sauti kubwa kuliko wenzangu.

KUTOKA MIANZI HADI MAWINGU

Mwanzo wa njia ni mpole. Tuliuvuka ukuta mrefu wa mawe ya volkano ambao wenyeji wameujenga kuzuia nyati wasiingie mashambani, tukapita vichaka vilivyoota mahali palipokuwa mashamba zamani, kisha tukaingia katika mianzi. Humo jua hufika kwa vipande. Mianzi husimama bega kwa bega kama gwaride, na upepo ukipita juu yake husikika mgongano mkavu wa mashina. Kima wa dhahabu walikuwa wakila machipukizi; walitutazama kidogo, wakaendelea na chakula chao.

Baada ya mianzi njia iliinama mbele yetu na kusimama. Hapo mtu hutambua kwamba matembezi yamekwisha na kupanda kumeanza. Udongo wa volkano ni mweusi na mlaini, na ukilowa huteleza kama sabuni. Mahali pasipopitika kwa miguu wamefunga ngazi za miti, vipago vyake vikiwa vimelowa umande. Mtu hupanda kwa mikono kama apandavyo kwa miguu. Kijana wa Teso alitangulia kwa kasi, akafika juu ya kila ngazi kabla ya wote, akawa anatucheka kutoka huko. Sajini alipanda kipago kimoja, akapumua, akapanda kingine. Mara mbili kiongozi alimwita kijana arudi nyuma ya mstari. Mara mbili alirudi, kisha miguu yake ikamtoroka tena.

Tulifika kilele cha kwanza saa nne na nusu. Ukungu ulipasuka, tukaiona nchi. Upande mmoja Gahinga, mviringo kama chungu kilichofunikwa, na nyuma yake Muhabura, ambaye kileleni mwake pana kiziwa kidogo cha maji ndani ya shimo la volkano. Upande wa pili mashamba ya Rwanda yaliyopangwa kama viraka vya nguo. Kuanzia hapo njia hufuata mgongo wa mlima, nao mgongo ndio mpaka. Mguu wa kulia wakanyaga nchi moja, wa kushoto nyingine, na pande zote mbili ni genge.

Mimea ya huko juu ilitushangaza. Miti ya erika, iliyo midogo mahali pengine duniani, hapa ni mirefu kuliko mtu, imeninginiza ndevu za kijivu kana kwamba nayo imezeeka. Lobelia husimama wima kama mikuki mikubwa. Senesio wana vichwa vya majani mapana yanayojifunga usiku kujikinga na baridi. Kila maungo ya mti yamevikwa majani laini ya kijani yanayonyonya maji ya ukungu kama sifongo. Hakuna sauti isipokuwa upepo na pumzi za wapandaji.

KIMYA CHA BINGWA

Kati ya kilele cha kwanza na cha pili ndipo kijana alipoacha kucheka. Mimi sikutambua. Nilikuwa nikitazama mbele, ambako jino la tatu la mzee lilikuwa limejitokeza katika mawingu, na ngazi zake ndefu zikionekana kama mistari iliyochorwa ukutani. Nilimwuliza mara moja kama yu mzima. Alijibu, "Niko sawa, afande." Konstebo alimpa chungwa akalikataa. Nikamwuliza tena, akajibu maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Nilifurahi kuwa na askari mkakamavu.

Tulifika kilele cha pili saa sita na robo. Kiongozi hakutazama mandhari. Alimtazama kijana jinsi alivyokuwa akihangaika na kamba ya buti yake, akiifunga na kuifungua kama mtoto anayejifunza. Akamwomba jambo dogo: atembee hatua kumi juu ya mahali palipo sawa, kisigino cha mguu huu kikigusa ncha ya mguu ule. Bingwa wa mbio alipiga hatua tatu, akayumba kama mlevi, akamshika sajini asianguke. Ndipo aliposema kwamba kichwa kilikuwa kikimpasuka tangu kilele cha kwanza, na kwamba alikuwa ametapika nyuma ya jiwe tusimwone.

Ndugu askari, yafaa tuelewe jambo hili vizuri. Katika kimo kama kile cha Sabinyo, kila pumzi humpa mtu karibu theluthi mbili tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Mwili waweza kuzoea, lakini wahitaji muda, nasi tulikuwa tumetoka Kampala jana yake. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na uchovu usio na kifani. Ikizidi, maji hukusanyika katika ubongo au katika mapafu. Mtu huanza kuyumba, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi hata akiwa amekaa, na aweza kufa katika muda wa saa chache. Nguvu za misuli si kinga. Mara nyingi aliye na nguvu ndiye huumia, kwa kuwa hupanda haraka na huona haya kusema. Dawa ya hakika ni moja: kuteremka, upesi, kabla hajashindwa kutembea.

Hayo yote nimeyapanga vizuri hapa karatasini. Wakati ule sikuyafikiria hivyo. Nilitazama saa: tulikuwa na saa mbili kasoro robo kabla ya muda wa kugeuka. Nilitazama kilele cha tatu: kilikuwa karibu kana kwamba ningekigusa kwa fimbo. Nikatoa shauri ambalo nalikumbuka kwa aibu. Nilisema kijana akae hapo na konstebo, apumzike, nasi watatu twende upesi, tupige picha, turudi.

Kiongozi alinijibu bila hasira. "Afande," alisema, "bunduki ni moja, na njia ni moja. Mgonjwa wa mlima hapumzishwi, anateremshwa. Huko kambini amri ni yako. Hapa ni yangu."

Nilikuwa na la kusema, na cheo cha kulisemea. Lakini sajini, ambaye tulimhurumia asubuhi, alikuwa amekwisha kumvua kijana shanta lake. Alilivaa kifuani, lake likiwa mgongoni, akageuza uso kuelekea tulikotoka. Hakunitazama. Nikafahamu kwamba uamuzi umekwisha kutolewa na watu wawili walio chini ya cheo changu, na kwamba ulikuwa uamuzi ambao mimi ndiye niliyepaswa kuutoa, tena mapema.

KUSHUKA NDIYO NGOMA

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Ngazi tulizozipanda kwa kicheko tulizishuka kwa sala. Kiongozi alitangulia, akiiweka miguu ya kijana juu ya kila kipago kwa mikono yake mwenyewe. Konstebo alimshika kutoka juu kwa mkanda. Wingu lilitufunika, ikanyesha manyunyu ya baridi, na Julai ile ya kiangazi ikageuka kuwa majira mengine kabisa. Mahali palipokuwa na upana wa hatua mbili asubuhi palionekana kama pana upana wa kamba.

Nilipokuwa nikisubiri zamu yangu juu ya ngazi mojawapo, vidole vikiwa vimekufa ganzi, niliwakumbuka wapiganaji wa RPF waliojificha katika milima hii ya Virunga mwishoni mwa mwaka 1990, kabla ya kuushambulia mji wa Ruhengeri Januari 1991. Baadhi yao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na baridi. Jeshi lililoyaokoa maisha ya wapiganaji wake mahali kama hapa halikuyaokoa kwa ushujaa peke yake. Ilipasa pawe na mtu wa kuhesabu blanketi, na mtu wa kumwangalia mwenzake asiyesema.

Tulipoingia tena katika mianzi, yapata saa tisa, kijana alisimama mwenyewe. Kichwa kilikuwa kimepungua. Baada ya mwendo mwingine mfupi aliuliza kama lile chungwa bado lipo. Konstebo alimpa, naye akalila na maganda yake. Sajini alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile.

Mlangoni Ntebeko tulifika saa kumi na moja jioni. Kiongozi alifungua daftari lake na kuandika mbele ya majina yetu: vilele viwili. Akanipa kalamu nitie sahihi. Nilitia.

KWA WATAKAOFUATA

Nisingependa msomaji yeyote auogope mlima kwa sababu ya maneno haya. Kinyume chake, naona kila ofisa na kila mkuu wa kituo cha polisi apataye nafasi awapeleke vijana wake Mgahinga, kwa kuwa siku moja huko yafunza mengi ambayo ubao haufunzi. Ila waende kwa utaratibu. Walale Kisoro usiku mmoja au miwili kwanza, miili izoee kimo. Wachague miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, kwani mvua za Aprili ni kali na ngazi zilizolowa hazina huruma. Wachukue maji ya kutosha, chakula, koti la mvua, glovu na buti zilizokwisha kuzoea mguu. Waajiri wapagazi vijijini. Fedha hiyo hubaki kwa watu wanaoishi kando ya hifadhi. Wapange muda wa kugeuka kabla ya kuondoka, wala wasiubadili wakiwa juu, maana akili ya mtu aliye mita 3,500 si ile aliyoondoka nayo chini.

Na jambo la mwisho ni kwa maofisa wenzangu. Tulipokuwa katika chuo cha makadeti tulifunzwa kwamba kiongozi hutazama mbele. Ni kweli. Lakini nyuma yake kuna watu, na aliye mkakamavu kuliko wote ndiye atakayekuwa wa mwisho kukiri kwamba anaumwa, hasa kama ajua kwamba afande hapendi kusikia. Akijibu "Niko sawa" mara mbili kwa sauti moja, yafaa usimwulize mara ya tatu. Mtazame kamba za buti zake.

Milima haikutani, binadamu hukutana. Mahali ambapo nchi tatu hukutana mwandishi bado hajapaona. Yule kijana yu mzima kikosini mwake na ameanza tena kuwashinda wenzake katika mbio. Ameniomba turudi Sabinyo, naye mwenyewe ametaka awe wa mwisho katika mstari. Msomaji aliyetarajia kuiona hapa picha ya askari wakitabasamu juu ya kilele cha tatu atusamehe. Picha hiyo haikupigwa.